Viti Viwili Vitupu vya Delaware

Nyumbani kwa Levin Wilgus siku hiyo palikuwa na kazi tele. Walikuwa wamechinja nguruwe wa majira ya baridi, na kwa watu wa Sussex, kusini mwa jimbo la Delaware, siku ya kuchinja huja hata jirani asiyealikwa. Levin alikata nyama. Mkewe, Tabitha, alikoroga sufuria ya nyama ya kichwa na unga wa mahindi. Baba yake Levin, mzee Purnell, alikaa karibu na jiko ndani ya koti zito la sufu, na hakuna kazi aliyofanya ila kuonja.

"Baba, livue koti basi, utaiva humo kama kiazi," Tabitha alimtania.

"Niache niive. Nimekuwa mbichi miaka sabini."

Mzee Purnell alipenda utani, lakini moyoni alikuwa na donda la siku nyingi. Wakati wa vita vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini alikuwa askari wa Kaskazini. Kule Virginia akashikwa na homa kali, akaachwa kwenye ghala la mkulima. Kikosi chake kikaondoka. Majina yalipoitwa hakuitika, nao wakamwandika mtoro. Alipopona, vita vilikuwa vimekwisha. Akarudi nyumbani kwa miguu, na neno lile likamfuata. Kila mwezi Mei askari wenzake waliandamana na bendera mpaka makaburini kuwakumbuka waliokufa. Purnell aliwatazama kutoka kando ya barabara, na wao walijifanya hawamwoni.

Wizara ya vita ilikataa kulifuta neno hilo. Ilisema mashahidi wamekufa. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu: bunge la taifa kule Washington lipitishe sheria fupi ya kumsafisha jina. Sheria ya namna hiyo sharti ipite katika nyumba zote mbili za bunge hilo, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Mwezi wa Januari, mwaka huo wa 1902, Baraza lilikuwa limeupitisha mswada wake. Mzee alifurahi mpaka akaacha kula usiku ule.

"Sasa imebaki Seneti tu," alisema tena, akilamba mwiko. "Mwezi Mei nitaandamana na wenzangu."

Jirani yao, Mama Hessie Marvel, alikuwa akijaza soseji mezani. Mama huyu alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya wageni mjini Dover, mahali walipolala wajumbe wa bunge la jimbo. Mtu anayewapakulia wakubwa chakula husikia mengi. Na Hessie hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Levin, mwanangu," alisema. "Hebu niambie. Kila jimbo lina maseneta wangapi?"

"Wawili."

"New York?"

"Wawili."

"Na sisi, ambao treni ikipiga honi mara mbili imeshatuvuka?"

Levin akacheka. "Wawili vilevile, Mama Hessie."

"Basi hapo ndipo penye heshima yetu. Kwenye Baraza tuna mtu mmoja, na New York wana zaidi ya thelathini. Ila Seneti tunakaa nao sawasawa. Haya, maseneta wetu hao wawili wanaitwa nani?"

Levin akafikiri. Akamtazama mkewe. Tabitha akaendelea kukoroga.

"Usijisumbue," Hessie alisema. "Hawapo. Kiti kimoja ni kitupu tangu mwaka tisini na tisa. Cha pili kilibaki kitupu mwaka jana."

Mzee Purnell akaweka mwiko chini. "Hawapo vipi?"

"Hawakuchaguliwa, mzee wangu. Maseneta hatuwachagui sisi. Nyinyi wanaume mnawachagua wajumbe wa Dover, na wajumbe ndio wanaochagua maseneta. Sasa kuna tajiri mmoja anautaka useneta kufa na kupona. Wajumbe wake hawatoshi kumpitisha, lakini wanatosha kumzuia kila mtu mwingine. Awe yeye, au asiwe mtu yeyote. Basi walipiga kura, hakuna mshindi. Kesho yake tena, hakuna mshindi. Jioni wanarudi wananilia samaki wangu kama watu waliotoka kulima. Wakaendelea hivyo hadi bunge lilipofungwa."

"Na mswada wa baba?" Levin aliuliza.

"Umelala huko. Nani ausimamie? Seneta wa jimbo lingine anaweza, lakini naye ana wazee wake wa kuwasemea. Usingoje jirani akulilie msiba wako."

Kisha mzee Purnell akauliza polepole, "Huyo mjumbe wetu sisi, naye ni mtu wa tajiri?"

"Tena wa kwanza kabisa," alisema Hessie.

"Levin, wewe ulimpigia nani?"

Levin hakuinua macho kutoka kwenye nyama. "Yeye, baba."

"Kwa nini?"

Levin alitamani kusema uongo, akaukosa. Mwaka 1900, kabla ya uchaguzi, wakala wa tajiri alikuja shambani akamwahidi zawadi kwa kura yake. Siku ya Marejesho ilipofika, watu wote wa Sussex walikwenda Georgetown kama ilivyo desturi, kusikiliza matokeo yakisomwa na kula ng'ombe mzima aliyebanikwa. Levin alikuwa na mkate wa nyama mkononi wakati wakala alipomletea koti la sufu. Alilipokea kwa furaha. Aliona amepata kitu kwa kutoa kisicho kitu.

"Nilipewa koti, baba," alisema. "Nilikuona unatetemeka majira yale."

Mzee Purnell akasimama. Akafungua vifungo kimoja kimoja, vidole vyake si vyepesi tena. Akalitundika koti kwenye msumari.

"Baba, kuna baridi."

"Baridi naijua. Sikukasirikii, mwanangu. Ulinionea huruma. Lakini silivai."

Levin aliona aibu hata mikono yake ikakosa pa kukaa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na janga hili yeye alimlisha baba yake.

Mwezi Mei mzee Purnell alisimama tena kando ya barabara. Mwezi Agosti aliugua kifua, akafariki. Kiongozi wa askari wazee alikuja msibani, kofia mkononi. Alisema anasikitika sana, lakini taratibu zao haziruhusu bendera kwa mtu aliyeandikwa mtoro. Walimzika bila bendera, na kaburini wakaweka ubao tu.

Oktoba, kabla ya uchaguzi mwingine, wakala alirudi, safari hii na ahadi kubwa zaidi. Levin hakumtukana. Alimwambia tu, "Nenda zako. Ulichoninunulia mara ya kwanza bado nakilipa." Kisha akaanza kwenda kwenye mikutano ya wagombea wa bunge la Dover. Kwa kila mgombea alikuwa na swali moja: "Mtu wako akishindwa, utamchagua mwingine, au utatuacha tena bila seneta?" Mmoja alimkasirikia. Mmoja akaahidi mbele ya watu, na huyo ndiye Levin aliyempigia kura. Majirani wakalichukua swali lile wakaliuliza na wao. Mama Hessie na Tabitha hawakuwa na kura, maana wanawake walikuwa hawajapewa, ila midomo walikuwa nayo. Hessie alitangaza kwamba mwanamume atakayeuza kura asahau kuonja soseji zake.

Machi 1903 bunge la Dover lilikubaliana, viti vyote viwili vikapata watu. Haikuwa kazi ya Levin peke yake; jimbo zima lilikuwa limechoka. Hata hivyo mchezo wa Dover haukuisha kabisa mpaka miaka kumi baadaye, katiba ya nchi ilipobadilishwa na wananchi wakapewa haki ya kuchagua maseneta wao wenyewe.

Mswada wa mzee Purnell ulianza upya, maana bunge la kwanza lilikuwa limemaliza muda wake, ukapita Baraza, ukapita Seneti. Serikali ikaleta jiwe la kaburi lenye jina lake na kikosi chake. Askari wazee walikuja na bendera. Wengine walilia, na Levin hakujua awashukuru au awakimbie.

Siku ya Marejesho ya mwaka 1904, Levin alimkuta Georgetown karani wa mmoja wa maseneta, kijana mchangamfu kutoka Wilmington. Akamwendea, akavua kofia, akamshukuru kwa ajili ya baba yake.

"Wilgus? Naukumbuka mswada huo," karani alisema. "Haukutusumbua hata kidogo. Mkubwa alisimama, akausoma, hakuna aliyepinga. Chai isingepoa. Mbona hamkuuleta mapema?"

"Tuliuleta. Hatukuwa na seneta."

Karani akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana. Nani aliwanyima?"

Levin alitazama umati uliokuwa ukila na kucheka mbele ya mahakama, watu anaowajua wote kwa majina.

"Mimi," alisema. "Mimi na hawa."

Kisha akavaa kofia yake, akaenda kumtafuta Tabitha warudi nyumbani.