Kioo cha Fundi Cherehani

Kila asubuhi kabla ya shule, binti wa fundi cherehani alikuwa akiokota pini sakafuni kwa sumaku, akifagia vipande vya vitambaa na kutia mafuta cherehani ya mama yake. Siku hizi hapakuwa na pini wala vipande. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka miezi miwili, na mama alilala ameelekea ukutani, hali chakula mpaka abembelezwe. Binti alitaka kitu kimoja tu: arudi yule mama aliyekuwa akiimba huku akikanyaga pedeli.

Ndipo akaingia mjomba. Lo, mjomba! Mtu hajawahi kushona hata kifungo cha koti lake mwenyewe, lakini mdomo! Alikuwa amehudhuria semina ya siku moja, akarudi na kofia ya bure na ujuzi wa kutibu dunia nzima.

"Dada anajiendekeza," alisema, akitia kijiko cha nne cha sukari kwenye chai. "Huzuni ni mawazo tu. Asimame mbele ya kioo, aseme mara kumi: 'Mimi ni mzima, nina furaha tele.' Atapona!"

Mtoto naye, maskini, akaamini. Tena akaanza kumdharau mama yake. Mbona mama za wenzake wanaamka? Kila asubuhi akamvuta mpaka kwenye kile kioo kirefu cha wateja, akahesabu.

"Bado nne, mama. Na utabasamu! Hutaki kupona wewe?"

Siku ya tisa mama alimaliza ya kumi, akaketi palepale sakafuni. "Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "mwanzo nilikuwa na huzuni tu. Sasa nina huzuni, na mimi ni mwongo pia."

Binti alienda shule moyo ukimuuma.

Jioni mjomba akaja shavu limefura kama puto. Bingwa wa furaha analia machozi! "Jino! Nipelekeni zahanati, nakufa!"

"Mjomba, simama mbele ya kioo," binti alimwambia, wala hakuwa akitania. "Sema mara kumi: 'Jino langu ni zima.'"

"Una wazimu? Jino bovu linapona kwa maneno?"

"Na mama je?"

Mjomba akalitazama shavu lake kiooni, kisha akamtazama dada yake. "Haya," akaguna, "kesho twende zahanati wote."

Asubuhi yake walikwenda zahanati wote watatu. Mjomba aling'olewa jino, akapiga kelele zilizosikika mpaka barabarani. Daktari, mama mmoja mpole, alizungumza na fundi karibu saa nzima, kisha akamwita binti.

"Mama yako anaugua sonona," alisema. "Ni ugonjwa, ila hauvimbishi shavu, ndiyo maana watu wanaudharau. Atatumia dawa, na kila wiki atakuja tuzungumze."

"Kwa hiyo kuwaza mazuri ni upuuzi?"

"La. Wazo jema husaidia likiwa la kweli. Mama yako anajiambia hafai kitu. Hilo tutalichunguza naye polepole, tuone lina ukweli gani. Lakini kumlazimisha aseme ana furaha huku anaumia ni kumwacha peke yake. Wewe hukumletea ugonjwa huu, mwanangu. Kaa naye tu."

Binti akamwomba mama yake radhi. Mama akamshika mkono, wakarudi nyumbani hivyohivyo.

Hapakuwa na muujiza. Siku nyingine mama hakuinuka kabisa. Wiki ya saba ya matibabu akaondoa shuka kwenye cherehani, akashona mkono mmoja wa gauni, akapumzika. Mjomba akatokea, pengo wazi.

"Mnaona? Si nilisema akiwaza vizuri..."

"Kaka," mama akamkatiza, "cherehani yangu ikikata uzi, siiimbii sifa. Naifungua nione palipoharibika. Mtu akiugua, mpeleke anakotibiwa, ukae naye, na mdomo ufunge." Kisha akacheka, kicheko chake kilekile cha zamani. "Haya, vua hilo koti nikushonee kifungo. Kioo hicho hapo, kajitazame."