Iyo Iyo

Tabita alikuwa anajipitia zake sokoni Tunduma, kajifunga kitenge kipya cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, chenye maua mekundu, kilemba juu, mara akasikia mtu nyuma yake akimsalimia Kibemba:

"Muli shani, mukwai!"

Akageuka. Kumbe muuza mchele, kijana mrefu, shati jeupe kakunja mikono, meno yote nje.

"Kaka, mimi si Mzambia. Mimi Mnyiha wa Isansa."

"Weee! Na kitenge hicho?"

"Kwani kitenge kinasema kabila?"

Wakacheka, na mchele haukununuliwa siku hiyo. Ndivyo alivyompata Amoni wake. Kutwa nzima kazi ya Amoni ilikuwa kuvutana bei na Wazambia kwa Kibemba chao, na jioni, akimsindikiza Tabita, anamfundisha kidogo kidogo. Neno la kwanza lilikuwa *iyo*, yaani hapana.

"Nikununulie soda?"

"Iyo."

"Nikushike mkono?"

"Iyo!" Na huku mkono kautoa mwenyewe.

Msimu wa kahawa ulipofika, Tabita akaenda kwao kusaidia kuchuma. Yuko shambani, vidole vinanata, ujumbe ukaingia: "Mpenzi, wazee wangu waje kwenu kujitambulisha Jumamosi hii?"

Jamani! Moyo ulimruka. Akajibu chapuchapu, na Tabita akishika simu herufi H huwa haijui kabisa: "Iyo iyo." Jumamosi hiyo hiyo, isisogezwe. Akatia simu mfukoni, akakimbia kumwambia mama yake.

Jumamosi majogoo yakachinjwa. Baba mdogo akaja kutoka Mpemba, koti kalipiga pasi. Wakakaa. Wakangoja. Jua likazama, mgeni hata mmoja. Baba yake akanawa mikono, akasema taratibu, "Kuleni, wanangu. Na jina la kijana yule nisilisikie tena humu ndani."

Tabita hakula. Ampigie simu mtu aliyemwaibisha baba yake? Thubutu! Na ya kwake nayo haikulia. Alimpenda Amoni, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Aliporudi Tunduma alikwenda moja kwa moja kibandani.

"Amoni, kama hunitaki ungesema. Baba yangu amekukosea nini?"

Amoni aliweka chini kopo la kupimia. Amekonda, ndevu ovyo.

"Mimi? Si wewe uliyekataa? Tena mara mbili!"

"Nilikataa lini?"

Akamsogezea simu. "Soma."

Tabita akasoma kwa sauti, "Hiyo hiyo. Sasa hapo nimekataa nini?"

Mama mmoja wa Nakonde aliyekuwa anachagua mchele, anayejua lugha zote mbili, akaangua kicheko mpaka akashika kiuno.

"Hiyo?" Amoni alirudia. "Mungu wangu! Hiyo hiyo?"

"Jumamosi hiyo hiyo! Ulishindwa nini kuniuliza?"

"Niliogopa. Nilijua ukilitamka kwa mdomo wako, basi tena. Na wewe mbona hukupiga?"

Hasira zikamwishia Tabita pale pale, akabaki hajui acheke au alie.

"Kesho naenda Isansa na mshenga," Amoni akasema. "Nitampigia baba magoti."

"Atakufokea."

"Anifokee. Mradi asininyime wewe."

"Sikiliza. Kuanzia leo nikikwambia neno, nirudishie ulivyolisikia. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Haya. Baba akifoka, usijibu kitu. Mimi nitakuwa nimesimama upande wako."

Amoni alimtazama kwanza.

"Umesema unanipenda."

"Sijasema hivyo!"

"Mimi ndivyo nilivyosikia."

Tabita aliinamisha uso, yule mama akimtazama, soko zima likipita.

"Basi safari hii," akasema, "umesikia vizuri."