Mkoba Usio na Kitambaa

Marehemu alikuwa amelala chali katika chumba cha nyuma cha karakana yake, macho wazi, yakitazama rafu. Damu ilikuwa imekauka sakafuni na kwenye pembe ya meza ya chuma. Rafuni palikuwa na mikoba tisa ya ngozi, safi, inang'aa, kila mmoja umejazwa karatasi nyeupe ili usibonyee, na kitambaa kichafu kimebanwa mshikioni. Wa kumi ulikuwa juu ya meza.

Inspekta alivua kofia iliyolowa, akakosa pa kuitundika, akabaki nayo mkononi. Mvua ilikuwa na siku ya tatu, haitaki kwenda kwao. Yeye alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na nne, magoti mabovu, na kuhusu mikoba ya wanawake alikiri wazi kwamba hajui hili wala lile.

"Mtaa mzima wanamwita Madoa," alisema Sajini, mwanamke mwepesi wa miguu na wa ulimi, huku akipiga picha. "Hakuna doa lililomshinda. Wino, mafuta, ukungu, chochote. Mkoba wa mitumba unaingia humu unanuka, ukitoka utadhani wa dukani."

Daktari alikuwa amechuchumaa kando ya maiti. Alikunja mikono ya gauni la marehemu, akaonyesha michubuko juu ya viwiko vyote viwili.

"Alishikwa hapa na hapa, akasukumwa. Kisogo kikapiga pembe ya meza."

"Saa ngapi?"

"Aliumia jana, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kufa, alikufa baadaye. Labda baada ya saa nzima."

"Angepata msaada?"

Daktari alivua glavu taratibu. "Huenda angepona."

Jibu hilo lilimkaa Inspekta vibaya. Alizunguka chumba ili asiitazame tena ile maiti. Simu ya marehemu ilikuwa mezani, mkufu ulikuwa shingoni. Mlango wa mbele ulikuwa na kitasa kinachojifunga chenyewe ukiuvuta. Aliyefanya hivi hakuja kuiba, au hakuja kuiba kitu ambacho Inspekta angekijua.

Kwenye mshikio wa ule mkoba wa mezani palining'inia pini. Ilikuwa wazi, na ncha yake imeng'ang'ania uzi mweupe. Alimwambia Sajini aipige picha na kuihifadhi, ingawa hakuwa na sababu ya kumpa.

Maelezo ya kwanza yalitoka kwa mdogo wa marehemu, mshonaji wa bitana aliyefanya kazi chumba cha mbele. Yeye ndiye aliyefungua asubuhi na kuikuta maiti. Alisema jana aliondoka saa tisa na nusu kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma. Ule mkoba wa mezani? Hakujua ni wa nani. Alijibu kila alichoulizwa, hakuongeza neno, na macho yake yalikuwa makavu. Inspekta hakulishangaa hilo. Watu hufiwa kila mmoja kwa namna yake.

Maelezo ya pili yalitoka kwa fundi saa wa duka la jirani, na yalikuwa na uzito. Jana mchana Madoa aligombana barazani na muuza mitumba mmoja aitwaye Robota, jina alilopewa kwa biashara yake na kwa umbo lake. Mama alimjia juu kwa kumuuzia robota la mikoba lililoota ukungu. Robota akajibu, watu wote wakisikia, kwamba iko siku atamnyamazisha. Saa kumi na moja kasoro dakika nne fundi huyo alimwona Robota amerudi, anagonga mlango. Kwa habari za saa, mzee yule hakuwa na utani.

Kufika adhuhuri Robota alikuwa mahabusu.

"Katishia, kaonekana, na alama za vidole vyake ziko mlangoni," alisema Mkuu wa kituo. "Unataka nini zaidi, akuandikie barua? Kesho saa nne asubuhi hati ya mashtaka iwe mezani kwangu."

Inspekta alisaluti akatoka. Kesi ya mauaji haina dhamana, na hilo alilijua kuliko Mkuu wake. Aliwahi kumwona mtu akikaa mahabusu miaka sita kwa kosa la mwingine. Siku alipotoka, watoto wake walimsalimia kama wanavyosalimia mgeni. Aliyekuwa amemkamata mtu yule alikuwa Inspekta mwenyewe, naye hakupata kujisamehe. Alikuwa na muda hadi kesho saa nne, basi.

Robota aliletwa chumba cha mahojiano, akajibana kwenye kiti kisichomtosha.

"Ulirudi saa kumi na moja kufanya nini?"

"Kuomba radhi, afande."

"Watu wa mitumba mnaomba radhi?"

"Mama alikuwa na haki. Lile robota lilikuwa na ukungu hadi moyoni. Nilimpelekea mikoba sita mizuri kufidia. Nikabisha hodi, kimya, nikaondoka nayo."

"Ulisema utamnyamazisha."

"Hayo namwambia kila mtu. Hata mke wangu nimemwambia, na anaongea mpaka leo."

Sajini aliinamia karatasi zake kuficha uso. Inspekta hakucheka. Alimwamini mtu huyu, na kumwamini mtu si ushahidi. Akamwaga picha za karakana juu ya meza.

"Mikoba hii ina vitambaa vichafu vimebanwa kwenye mishikio. Vya nini?"

Robota alitulia kidogo. Hapa alikuwa anaulizwa kitu anachokijua.

"Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Kila mkoba na kitambaa chake, shuka jeupe limechanwa vipande. Akimaliza kusafisha anakibana kitambaa pale kwa pini. Mteja akija anakabidhiwa mkoba pamoja na uchafu wake. Akishaona weusi ule uliotoka, hana la kulalamika."

"Kila mkoba?"

"Kila mkoba. Hata wake mwenyewe wa kwendea sokoni. Alikuwa hawezi kujizuia."

Inspekta alisukuma mbele picha ya mkoba wa mezani. Robota aliitazama muda mrefu.

"Huu umesafishwa, umepakwa na mafuta. Umekwisha huu. Kitambaa chake kiko wapi?"

"Ndicho ninachokuuliza."

"Afande, nani aibe kitambaa kichafu, aache mikoba kumi na simu?"

Inspekta alikusanya picha zake.

Walirudi karakana, yeye na Sajini, wakapekua ndoo, pipa la taka, hata mifuko ya aproni. Kitambaa hakikuwepo. Daftari la mikoba lilikuwa na namba tisa, moja kwa kila mkoba wa rafuni. Wa kumi haukuandikwa popote.

"Si wa mteja," Sajini alisema. Aliugeuza mkoba kwa mikono yenye glavu, akaunusa, akafunua bitana. "Wala haukutoka kwenye robota. Mtindo huu ni wa enzi za mama zetu, na bitana imeshonwa upya kwa mkono. Mshono uleule wa hii mikoba mingine."

"Wa mdogo wake."

"Wa mdogo wake, aliyesema haujui."

Nyumba ya mdogo mtu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Jirani mmoja aliwaeleza njiani kwamba aliishi humo na mama yake mzazi, akimwuguza miaka mitatu, hadi mama alipofariki miezi mitano iliyopita. Madoa alikuwa akija mara chache, na hakai.

Mwenyeji aliwakaribisha, akawafutia viti. Ukutani palikuwa na picha moja tu. Bikizee aliyekonda amekaa kitini mlangoni, mkoba mapajani, vidole vimeukamata mshikio kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke. Pembeni ya picha palikuwa na msumari mtupu.

"Pole tena, mama," Inspekta alisema. "Msumari ule ulitundikiwa nini?"

Aligeuka kuutazama.

"Mkoba wa mama."

"Asubuhi ulisema hujui ule mkoba wa mezani ni wa nani."

"Nilisema kweli. Ule uliopo pale mimi siujui."

Inspekta aliweka kofia yake sakafuni. Aliuliza kwa sauti ya chini, maana alikwisha kulijua jibu na halikumpa raha.

"Kitambaa kiko wapi?"

Mwanamke aliinuka, akaenda kitandani, akaingiza mkono ndani ya foronya ya mto. Alirudi na kipande cha shuka kilichokunjwa vizuri, akakifungua mapajani. Katikati palikuwa na doa la hudhurungi, zito, lenye mafuta. Inspekta alimpa onyo la kisheria kabla hajafungua mdomo, kwamba ana haki ya kunyamaza na kwamba atakayosema yataandikwa.

"Andika," alisema. "Nimechoka kuyabeba peke yangu."

Akasimulia taratibu, bila kuruka kitu. Katika ugonjwa wake mama hakutaka kulala mchana. Kila alasiri alitaka akalishwe mlangoni na mkoba wake, amejipaka mafuta ya ngozi mikononi, akisema anakwenda kwa binti yake mkubwa. Binti mkubwa hakumfuata. Miaka mitatu ya kushika pale pale iliacha alama kwenye mshikio, weusi wa vidole vinne upande mmoja na kidole gumba upande wa pili. Baada ya maziko mdogo mtu aliutundika mkoba ule. Akizidiwa aliushika, akaweka vidole vyake pale palipokuwa na vya mama. Vilienea sawasawa.

"Dada alikuwa hautazami. Akija hapa anakaa ameupa mgongo. Juzi akauchukua bila kuniambia. Jana saa kumi akaniita nyuma, akasema nifumbe macho."

"Kwa hiyo hukuondoka saa tisa na nusu."

"Sikuondoka. Nilifumba macho. Nilipofumbua nikauona mezani. Mpya kabisa. Hakuna alama hata moja."

"Akasema nini?"

"Akasema, uchafu wote nimeutoa, hebu tazama kitambaa. Akacheka. Alikuwa na furaha, afande. Alidhani ananifurahisha."

"Ukamsukuma."

"Nilimshika nikamtikisa arudishe. Nikamwambia rudisha. Angerudisha vipi? Halafu nikamsukuma. Nikasikia kichwa."

Sajini alikuwa anaandika. Inspekta alijua swali linalofuata ni lipi, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya kazi alitamani mtu mwingine aliulize.

"Alikuwa hai. Ulijua?"

"Alikuwa ananiita. Aliniita jina la utotoni, nyumbani walikuwa wakiniita Kadogo. Aliita kama mara tatu."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafungua pini."

Mvua ilisikika juu ya bati. Kalamu ya Sajini ilikuwa imesimama.

"Ningekuwa nimemchukia angenisamehe Mungu," mwanamke alisema. "Sikumchukia. Alitaka kunifurahisha, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Nikatoka na kitambaa, mkoba nikauacha. Ule haukuwa wa mama tena."

Jioni ile Robota alifunguliwa. Alirudishiwa mkanda na viatu, akatia sahihi, lakini badala ya kuondoka alimsubiri Inspekta koridoni.

"Afande, wakati ule mimi nabisha hodi, mama alikuwa amekwisha kufa?"

"Alikuwa amekwisha," Inspekta alidanganya.

Robota alishukuru, akatoka kwenye mvua ile ile. Inspekta alibaki akisikiliza viatu vyake hadi vilipofika barabarani. Angalau huyu alikuwa anarudi kwake, watoto watamjua.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Katika chumba cha mahojiano mtuhumiwa alikuwa ameketi mbele ya maelezo yake, ameyasoma, ameweka sahihi kila ukurasa. Inspekta alivaa glavu, akakikunja kile kitambaa kwa mikunjo yake yenyewe, akakitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika namba na tarehe.

"Kinakwenda wapi?" mwanamke aliuliza.

"Maabara. Walinganishe na uzi wa kwenye pini."

"Watakifanya nini huko?"

Alikwisha kusema uongo mmoja siku hiyo, na wa pili ulikuwa tayari mdomoni. Lakini huyu aliyekuwa mbele yake alikuwa ameeleza kila kitu bila kuficha, na atasikia yote mahakamani.

"Watakata kipande," alisema. "Watakitia dawa ili wajue ni kitambaa gani na doa ni la nini. Kipande hicho hakitarudi."

"Watakifua?"

"Kile kipande, ndiyo. Ni kama kukifua."

Mwanamke aliitazama bahasha. Kisha akalia, kwa sauti, ameinamisha kichwa juu ya meza. Tangu asubuhi alipotoa habari za maiti ya dada yake, hakuwa amelia hata mara moja. Sajini alitoka kwenda kumletea maji, na Inspekta akaibana bahasha, akatia muhuri, akaipeleka mwenyewe chumba cha vielelezo.