Kaburi la Babu Kwenye Video

Mibuni yote ya bibi yangu ilikuwa chini. Imekatwa mchana kweupe, kahawa mbichi bado iko kwenye matawi...

Bibi Kokubanza hakulia. Aliniuliza tu:

"Placidia, si ulisema hawatanijua?"

Jamani, nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Niko kidato cha tatu, huku Chonyonyo, Karagwe. Mwalimu Adventina alituanzishia klabu ya uandishi wa habari wa kiraia. Kurekodi kwa simu, kuhariri, kumficha anayekupa habari. Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Hakikisheni kabla hamjarusha."

Nami nikapata habari. Mzee Leonidas alikuwa ameizungushia seng'enge chemchemi ya kitongoji, wanywe ng'ombe wake, sisi tukachote mtoni. Watu wazima wote walifyata ulimi. Bibi peke yake ndiye aliyekubali kusema.

"Ila nitakaa hapa," akaniambia, akaketi kando ya kaburi la babu, katikati ya migomba. "Mbele ya huyu siwezi kudanganya."

Uso wake nikauziba kwa ukungu, sauti nikaibadilisha. Jina nilimtajia mwalimu tu.

Video ikafika mpaka Nkwenda, wilaya ya jirani. Siku ya tatu, mapanga...

Nikasimama paredi, mbele ya shule nzima.

"Mwalimu Adventina amemuuza bibi yangu!"

Alinitazama kwa upole.

"Placidia, umehakikisha?"

"Nani mwingine alijua?"

Wazazi wakaja juu. Klabu ikafungwa, mwalimu akahamishwa. Aliondoka na bodaboda, begi moja mapajani. Sikumpungia hata mkono.

Wiki iliyofuata nikakutana na Leonidas njiani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia mmemfukuza mwalimu."

"Si ndiye aliyekuambia?"

Akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo hata sura yake siijui. Mjukuu wangu, kaburi la babu yako Ndyamukama nisilijue? Jeneza lake nililibeba mimi."

Uso wa bibi niliuficha, kaburi nikaliacha wazi kila mtu alione.

Nampigia mwalimu, hapokei. Seng'enge ipo palepale. Mbuni mpya unataka miaka mitatu ndipo uzae, na bibi ana themanini na moja.

Ndugu zangu mnaosoma, kabla hamjamtaja mtu, hakikisheni. Ile chemchemi niliifuatilia siku nne nzima kabla ya kurusha video. Mwalimu wangu sikumpa hata dakika moja.