Sufuria ya Gari Iliyogeuzwa Nanga

Kila asubuhi Eugène alilaza magongo yake kwenye kiti cha nyuma, akaketi mbele ya usukani, akawasha gari. Lilikuwa Mercedes kuukuu la otomatiki, lenye umri mkubwa kuliko mke wake Rosette. Watu wa Baraka, mji wetu kando ya ziwa, walilicheka. Eugène hakuwajali.

Mguu wake wa kushoto ulikatwa baada ya lori kupinduka kwenye njia ya Lulimba. Gari la kawaida lina pedali tatu, mojawapo ya embrayage, yaani klachi, linataka miguu miwili. Gari la otomatiki lina pedali mbili tu, na mguu wa kulia unatosha. Kwa gari hilo Eugène alibeba abiria kati ya Baraka na Mboko. Nyumba yake ilikula kwa gari hilo.

Siku moja, akitoka Mboko, karibu kufika Baraka, alikanyaga pedali ya mafuta. Injini ikalia kwa nguvu, gari likasogea kama kobe. Chini yake oili nyekundu ilidondoka. Abiria walilisukuma hadi kwa fundi Isidore, karibu na soko.

Katikati ya injini na boite ya otomatiki, yaani sanduku la gia, kuna chombo cha chuma, cha duara, chenye oili ndani. Injini inakizungusha, oili inazunguka, na nguvu ya oili hiyo inasukuma boite. Kwa Kifaransa kinaitwa konvertisa. Mafundi wa Baraka wanakiita sufuria, kwa sababu kinafanana na sufuria mbili zilizofunikana mdomo kwa mdomo. Jina hilo ndilo lililomponza Isidore. Ukikiita kitu sufuria, utadhani kila sufuria inapika.

"Papa Merveille, sufuria ilishakufa," Isidore alisema. Merveille ni binti wa kwanza wa Eugène. "Kuko ingine Uvira, ya Mercedes vilevile. Nitaleta."

"Itakuwa sawa na hii?"

"Duara ni duara."

Sufuria ilipofika, Isidore aliziweka mbili chini, akapima upana kwa kipande cha kamba. Upana ulikuwa mmoja. Akaridhika. Ile ya zamani akaiondoa njiani, akaanza kazi.

Sufuria mpya haikuingia hadi mwisho. Boite ilibaki mbali na injini, upana wa vidole viwili. Fundi mwenye akili angesimama hapo na kujiuliza. Isidore alichukua boulon, yaani bolti, ndefu, akakaza moja huku, nyingine kule, akaivuta boite kwa nguvu hadi ikagusana na injini. Kitu kikalia ndani: ko!

"Ni nini hiyo?" Eugène aliuliza.

"Iko inajipanga."

Wakawasha. Gari lilipiga kelele kama kopo lenye mawe. Halikwenda mbele, halikwenda nyuma. Tunasema haraka haina baraka, na sisi tunaoishi Baraka tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua.

Isidore alifuta mikono. "Hizi mambo ya otomatiki haziko za huku kwetu. Tukuwekee boite ya mukono, tumalize."

Eugène alipiga gongo chini. "Na mguu ya kukanyaga embrayage nitapata wapi? Kata ya kwako unipatie!"

Eugène alirudi nyumbani bila gari. Alikataa chakula. Alimkasirikia Isidore, akaukasirikia mguu wake, akamkasirikia hata jirani aliyempa pole.

"Tuite mwalimu Mugwaneza," Rosette alisema.

Mugwaneza alikuwa jirani yao. Alifundisha ufundi wa magari katika shule moja ya ufundi pale Baraka. Familia yake ilitoka milimani, kwa wafugaji.

"Bantu ya kule juu banajua ng'ombe," Eugène alisema. "Boite habajue."

Rosette aliweka bakuli chini kwa kishindo. "Ni ng'ombe njo ilivunja gari yako? Ni Isidore, mutoto ya kwetu kabisa. Batoto yako bakule nini, kiburi? Mi naenda kumuita."

Akaenda. Hapo Rosette alisema kweli, na ukweli huo ulimuuma Eugène kuliko njaa.

Kesho yake Mugwaneza alifika kwa Isidore. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mulisoma namba ya boite?" aliuliza.

"Namba ya nini?" Isidore alijibu. "Ni Mercedes."

"Mercedes ni jina ya gari. Mi nauliza boite." Mugwaneza alilala chini ya gari, akasugua ubavu wa boite kwa kitambaa, juu kidogo ya karai la oili. Namba ikaonekana. "Mutaka cha muvunguni sharti ainame. We haukuinama. Gari ya jina moja inaweza kuwa na boite mbalimbali, mwaka kwa mwaka. Kila boite iko na sufuria yake. Tosha boite."

Isidore aliitoa, amenuna. Pampu ya oili ilikuwa imepasuka vipande.

Mugwaneza alimwita Eugène na Rosette karibu. "Angalia hii shingo ya sufuria. Shingo njo inazungusha pampu. Pampu iko na meno mbili ya ndani, na shingo iko na nafasi mbili ya kupokea ile meno. Kwa hii mulinunua, nafasi haziko pahali yake. Haingeweza kuingia. We Isidore ukaivuta na boulon, pampu ikalipa."

"Lakini upana ni moja," Isidore alinung'unika.

"Kichwa yako na kichwa ya Papa Merveille upana ni moja. Tubadilishe?" Mugwaneza hakucheka. "Upana haitoshi. Angalia urefu. Angalia hii pua yenye kuingia mu injini. Hesabu meno ya ndani ya sufuria. Angalia pahali ya boulon, ni ngapi, ziko mbali namna gani. Tena hii ilitoka ku gari ya mazout, dizeli. Ya Papa Merveille ni ya essence, petroli. Hata ingeingia, gari ingekuwa nzito kuondoka. Sasa, ile ya zamani iko wapi? Tuipime."

Isidore alitazama viatu vyake.

"Iko wapi?" Eugène alirudia.

"Nilipatia Bertin, muvuvi wa Lweba. Alikuwa anatafuta nanga."

Eugène alisema mengi, na mengine hayafai kuandikwa hapa. Kipimo cha pekee cha gari lake, kitu ambacho kingeonyesha kila urefu na kila jino, kilikuwa kimefungwa kamba ziwani.

Walikwenda Lweba kwa pikipiki mbili. Bertin alikuwa pwani, anashona wavu. Sufuria ya gari ilikuwa ndani ya mtumbwi wake, imefungwa kamba ya nailoni, imeshika kutu.

"Hiyo ni nanga yangu," Bertin alisema. "Fundi alinipatia. Mtumbwi yangu ikienda na maji, nitakula nini?"

"Na mi, bila gari, nitakula nini?" Eugène aliuliza.

Bertin alitazama magongo, akatazama nanga. Akafungua kamba polepole. "Nawaazima. Mukinirudishia mukono mutupu, tutagombana."

Mugwaneza alisugua kutu hadi namba ikaonekana. Alihesabu meno ya ndani, akapima shingo, pua na urefu kwa kipimo cha chuma. "Kwa kupima tu," alisema. "Maji iliingia ndani. Kwa gari haifae tena." Halafu akamgeukia Rosette. "Mama Merveille, usiende Uvira na mudomo. Enda na kitu yenyewe."

Rosette aliifunga nanga kwenye gunia, akaenda nayo Uvira. Muuzaji mmoja alimwambia, "Mama, zote ni za Mercedes, chukua."

"Nionyeshe shingo," Rosette alisema.

Aliziweka ubavu kwa ubavu: shingo kwa shingo, pua kwa pua, meno kwa meno. Alikataa moja. Alikataa nyingine. Muuzaji alikasirika, Rosette akakasirika zaidi. Mwishoni walipata boite kuukuu yenye namba ileile. Rosette alichukua sufuria yake pamoja na pampu.

Isidore ndiye aliyeirudia kazi, Mugwaneza amesimama juu yake. Walitia oili kidogo ndani ya sufuria kwanza. Kisha Isidore aliisukuma kwenye boite huku akiizungusha kwa mkono. Ikashuka kidogo. Akaendelea kuzungusha. Ikashuka tena, na tena, hadi ikakaa.

"Sasa peleka boite ku injini," Mugwaneza alisema. "Boite ilifika bila kuvutwa?"

"Ilifika."

"Sufuria inazunguka na mukono? Kuko nafasi kidogo mbele yake?"

"Iko."

"Basi kaza. Boulon ni ya kushikilia, hapana ya kuvuta. Ikikataa kuingia, tosha, uangalie tena."

Wakajaza oili, wakawasha. Safari hii gari halikupiga kelele. Eugène alisogeza kijiti cha gia, akakanyaga kwa mguu wake mmoja, na Mercedes likaondoka bila kuteleza. Alizunguka soko, akarudi, akasimama mbele ya Mugwaneza.

"Mwalimu, nilisema mubaya juu ya bantu ya kwenu."

"Nilisikia. Ukuta yenu ni ya mbao," Mugwaneza alijibu. "Nilikuja kwa sababu ya Mama Merveille."

Tangu hapo Isidore hatupi kitu cha mteja kabla gari halijatembea. Tena analala chini ya gari na kusoma namba, hata kama mvua imenyesha na kuna tope.

Lakini deni la Bertin lilibaki, kwani nanga yake Mugwaneza aliichukua shuleni kufundishia kupima. Eugène alimkalisha Isidore kwenye kiti cha mbele, na ile sufuria isiyofaa, ya kwanza kutoka Uvira, mapajani mwake, wakaenda Lweba. Isidore aliibeba mwenyewe hadi kwenye mtumbwi, maji yakamfika magotini.

Bertin aliiinua, akaigeuza huku na huku kwa mashaka. "Lakini hii haiko ile yangu. Itafaa?"

Isidore alifungua mdomo, akaufunga.

"Kwa nanga," Eugène alijibu kutoka garini, "duara ni duara."