Nafasi Ndani ya Fuvu

Mashine ya kusoma mafuvu ililizunguka fuvu la dinosaria mla nyama, na juu ya meza ubongo wake ukajichora kwa mwanga: mrefu, umevimba mbele, sehemu ya kunusia. Katika Lindi Mpya picha kama hizo hazikumshangaza mtu tena. Kilichomkasirisha Dkt. Somoe Nampoto kilikuwa ukubwa wa ubongo wenyewe.

"Mmejaza fuvu lote," alimwambia mkurugenzi, Bwana Ngonyani. "Ubongo wa mnyama huyu ulichukua nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa utando na damu. Humo mmetia nini?"

"Mlinzi wetu wa chuma anatembea kwa ubongo huo, Daktari. Au unaona wivu?"

"Sijakuuliza kama anatembea."

Ngonyani alicheka. "Kila asubuhi nani huingiza kichwa kwenye mashine kuijaribu?"

Ni Somoe mwenyewe. Ndiyo desturi ya maabara: mashine hujaribiwa kwa kichwa cha mtu hai, kisha picha hufutwa. Ya Somoe haikufutwa; ndiyo iliyojaza nusu ile.

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Mali ya maabara hiyo, mama."

Kelele zilitoka uani. Somoe alikuwa amemwacha huko mwanawe Tunu, wa miaka sita, kwa kuwa shule zimefungwa. Alikimbia, Ngonyani nyuma yake.

Mlinzi, roboti la chuma lenye umbo la dinosaria, kimo cha ghorofa mbili na ubongo ule kichwani, alikuwa ameinama akinusa nywele za mtoto. Kisha alilala akamzungushia mkia. Askari wa getini alipojaribu kumchukua Tunu, alirushwa ukutani. Hakuinuka.

"Mzime!" Somoe alifoka.

"Swichi iko shingoni," Ngonyani alisema, akirudi nyuma. "Nenda wewe. Ubongo ni wako, atakutambua."

"Kwa pua? Anaijua harufu ya mwanangu kwa sababu mimi naijua. Yangu mwenyewe sijawahi kuisikia, naye hajawahi. Kwake mimi ni mtu baki."

"Basi ongea naye."

"Mtu akimsogelea mwanangu, mimi huwa simsikilizi."

Alivua viatu, akaanza kutembea polepole, mikono wazi. Mlinzi alifunua meno. Somoe aliijua hasira ile. Aliwahi kuwa nayo hospitalini, wauguzi walipotaka kumchukua Tunu akiwa mchanga.

"Mama, usiogope," Tunu alisema, amekumbatia mkia wa chuma. "Ananipenda."

"Najua," Somoe alisema, akapiga hatua nyingine.

Mlinzi akainuka, akasimama kati yao.