Skripti Iliyofuta Kitone

Asubuhi ile Kariakoo ilikuwa ya kawaida kabisa: jua, honi, wachuuzi wakigombea kivuli. Enzi ya Ruksa, ya biashara huria, ilishaingia, kompyuta zikiteremka bandarini kama magunia ya vitunguu, na Zarna, jirani yetu wa ghorofa ya juu, alikuwa fundi wa studio moja ya picha karibu na soko. Baba yake, mzee Tulsidas, alimkabidhi picha zote za mkewe. Ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka thelathini. Azisafishe, zitundikwe ukutani.

Picha za zamani, zimejaa chenga. Azifute moja moja kwa mkono? Zarna na subira wapi na wapi! Alizipiga skani zote, kisha akaandika skripti, amri za kompyuta kujiendesha yenyewe: fungua picha, futa kila kidoa, hifadhi, fungua inayofuata. Nguvu ya kufuta akaipima kwa picha moja iliyooza kwa unyevu, kisha akazipitisha zote kwa kipimo hichohicho.

"Hutazami hata moja, dada?" aliuliza Severa, mwenzake wa studio.

"Mashine haisinzii, Severa. Wewe ndiye unayesinzia."

Wakacheka, wakaenda kunywa chai. Na asije mtu hapa kuisingizia mashine. Mashine ilifanya ilichoambiwa.

Adhuhuri alimpelekea mama yake nyumbani picha zilizochapishwa upya. Mama huyo, Ranjanben, alizipekua akitabasamu, mpaka tabasamu likamkauka. Katika kila picha, tangu ile ya harusi, paji lake la uso lilikuwa tupu. Chandlo, kile kitone chekundu cha mwanamke mwenye mume, skripti ilikiona kuwa chenga.

"Ba, ni picha tu," alisema Zarna; ndivyo alivyomwita mama yake kwa Kigujarati.

Mama akagusa paji lake. Kitone chake cha kweli kilikuwapo bado.

"Hufutwa siku moja tu, mwanangu," alinong'ona. "Siku mume anapokufa. Nenda karudishe."

Zarna alirudi studio mbio. Alitoa picha zenyewe za karatasi kwenye bahasha, azipige skani upya. Akatazama. Mapaji matupu. Karatasi, ambazo skripti haikuzigusa!

Akakaa kwenye kompyuta, akachora kitone kwa mkono. Kikafifia. Akachora kingine. Kikafutika.

"Si umeizima skripti?" alinong'ona Severa.

"Nimeizima."

Picha nyingine ikajifungua. Mzee Tulsidas, peke yake, dukani kwake, na shati lile alilovaa asubuhi ile. Hakuna aliyempiga picha hiyo. Uso ulikuwa unalainika. Mikunjo ikaenda. Nyusi. Kisha macho.

Zarna akachomoa waya.

Simu ikalia. Alikuwa Uwesu, muuza vitenge wa duka la pili kutoka la baba yake.

"Zarna, njoo. Mzee kaanguka."

Alikimbia. Hakumkuta hai.

Msibani, wanawake walimzunguka Ranjanben wamfute chandlo, kama ilivyo desturi. Kitambaa kilitoka cheupe. Hapakuwa na cha kufuta. Palikuwa na ngozi laini mno, haina mkunjo wala kinyweleo, upana wa kitone.

Mama hajamlaumu binti yake hata siku moja. Laiti angemlaumu! Mpaka leo, joto la Dar likipamba moto, Zarna humpangusa mama yake jasho, na akifika juu ya nyusi hupitisha kitambaa pembeni. Uso mzima hulowa. Duara lile hubaki kavu, baridi kama kioo.